Karafuu inatuliza jino kweli: tujadili kilichomo ndani yake, na kwa nini chupa ya mafuta si ya kuchezea

Mpemba wa Temeke (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki hapa jukwaani bila mada ya karafuu. Leo inatibu jino, kesho inashusha sukari, keshokutwa inasafisha kizazi. Na wachangiaji ni wale wale: kundi moja linasema inatibu kila kitu, kundi la pili linasema ni imani za bibi zetu. Mimi riziki yangu iko kwenye duka la dawa na kwetu ni Wete, kwa hiyo karafuu naijua ya kwenye jamvi na ya kwenye chupa. Nimeona niandike, halafu tubishane kwa hoja.

Msimamo wangu nautanguliza. Karafuu inafanya kazi, na inafanya kazi pale inapogusa. Ikigusa jino, jino linatulia. Hayo ya kuinywa ili ikafanye maajabu kwenye figo na kizazi, ushahidi wake ni mwembamba mno.

Sasa twende. Chukua punje moja ya karafuu iliyoanikwa vizuri, ibinye kwa ukucha pale chini ya kichwa. Utaona inatoa majimaji yanayong'aa. Hayo ndiyo mafuta. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua, na mti umelijaza mafuta kwa wingi ambao viungo vingine haviufikii: asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa karafuu kavu ni mafuta. Ndani ya mafuta hayo, asilimia 70 hadi 90 ni kemikali moja inayoitwa yujenoli. Zinazofuata ni asetati ya yujenoli na beta-kariofilini, halafu vitu vidogo vidogo vingi. Ukinusa karafuu umeinusa yujenoli, na ulimi ukifa ganzi ni yujenoli hiyo hiyo.

Inafanyaje? Mshipa wa fahamu hupeleka habari ya maumivu kwa umeme mdogo, na umeme huo unatokana na chembe za sodiamu kuingia ndani ya mshipa kupitia vilango vyake. Yujenoli inaviziba vilango hivyo. Sindano ya ganzi anayokuchoma daktari wa meno inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ila yenyewe ina nguvu zaidi na inafika ndani zaidi. Halafu yujenoli inakigusa kipokezi cha moto, kile kile kinachoguswa na pilipili. Ndiyo maana dakika ya kwanza unaweza kutokwa na machozi, kisha kipokezi kinachoka na kunakuwa kimya. Tatu, inapunguza utengenezaji wa prostaglandini, vitu vinavyochochea uvimbe na maumivu, kazi ambayo aspirini ndiyo maarufu nayo. Na bakteria wengi wa kinywani inawaharibia ngozi ya nje wakavuja na kufa.

Kwa wanaotaka jaribio kwa binadamu: mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kuwait walichapisha matokeo ya watu wazima 73. Walipakwa jeli kwenye fizi ya juu upande wa shavu, usawa wa jino la chonge, kisha wakachomwa sindano. Wengine jeli ilikuwa ya karafuu ya kusaga, wengine ya benzokaini, ambayo ni dawa rasmi ya ganzi ya kupaka, na wengine jeli tupu. Wa karafuu na wa benzokaini walisikia maumivu kidogo kuliko wa jeli tupu, na kati ya makundi hayo mawili hapakuwa na tofauti ya maana. Karafuu ya jikoni imesimama bega kwa bega na dawa ya kiwandani. Wanaodharau mambo ya bibi wajibu hapo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu tumelinusa bila kulijua. Ile harufu inayokupokea ukiingia chumba cha daktari wa meno, inayowafanya watoto waanze kulia mlangoni, kwa sehemu kubwa ni yujenoli. Wanachukua unga mweupe wa oksidi ya zinki, wanadondoshea yujenoli ya maji, wanaukanda kwenye kipande cha kioo mpaka uwe kama ugali mzito, wanazibia jino kwa muda. Unakauka mdomoni kwa msaada wa unyevu wa mate. Hospitali imeitumia karafuu siku zote, tofauti ni kwamba wao wanajua kiasi.

Na kiasi ndiyo sababu ya kuandika uzi huu.

Punje moja kavu ina uzito wa takriban sehemu moja ya kumi ya gramu, kwa hiyo ina kama miligramu 10 hadi 18 za yujenoli. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, imeweka kiwango cha kula kila siku bila wasiwasi kuwa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 150, yaani punje kumi hivi, tena akizitafuna zote na kuzimeza. Pilau la watu sita lenye punje nane haliwezi kumfikisha mtu huko. Chai ya rangi yenye punje mbili tatu pia haifiki, maana mafuta hayachanganyiki na maji na sehemu kubwa inabaki ndani ya punje unayoitupa.

Sasa hamia kwenye mafuta. Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kina zaidi ya gramu 4 za yujenoli. Gramu, si miligramu. Mtoto wa kilo kumi kiwango chake ni miligramu 25. Kijiko hicho kimemzidishia zaidi ya mara 150. Majarida ya kitabibu yana visa vya watoto wa mwaka mmoja na miwili waliomeza mililita 5 hadi 10: kupoteza fahamu, degedege, sukari kushuka, ini kufeli. Ini linaumia kwa namna inayofanana sana na la mtu aliyezidisha parasetamoli, na dawa iliyowahi kutumika kuwaokoa ni ile ile inayopewa waliozidisha parasetamoli.

Halafu naingia mtandaoni nakuta mtu anauza chupa ya mafuta ya karafuu "kijiko kimoja asubuhi na jioni, inasafisha ini". Inasafisha ini! Wakuu, hapo mimi hasira zinanipanda.

Karibuni.

Kijana wa Gerezani

Ngoja niweke kambi hapa. Mkuu, mimi gego la chini linanisumbua huu mwezi wa pili. Natafuna punje nzima upande unaouma, linatulia kama saa moja hivi, linarudi. Naongeza punje. Sahihi au najiua?

Fizi Ngumu

Mimi ni daktari wa meno, mkoani. Mleta mada ameeleza vizuri, naongezea ninayoyaona kazini.

@Kijana wa Gerezani, hujiui, ila unajichelewesha. Jino linalouma miezi miwili, likitulizwa linarudi, mara nyingi shimo limeshafika kwenye kiini chenye mishipa ya fahamu. Karafuu inakinyamazisha kiini, haizibi shimo. Na kuna siku litaacha kuuma lenyewe. Watu hufurahi wakidhani wamepona, kumbe kiini kimekufa, usaha unajikusanya kwenye mzizi. Wanarudi kwangu shavu limevimba mpaka jicho halifunguki, mdomo haupanuki, wengine wanashindwa kumeza. Hapo hatuzungumzii karafuu wala kuziba tena, tunazungumzia kulazwa na dawa za mishipani. Nenda wakati linauma, ndipo kuna nafasi ya kuliokoa.

Usiku ukikubana: punje moja, ilainishe kwanza kwa mate, iweke kati ya jino na shavu, ibane taratibu. Usiitafune ukaisambaza mdomo mzima. Ikianza kuchoma fizi, itoe. Mafuta kama unayo, tone moja kwenye pamba ndogo, pamba iguse shimo la jino tu. Wengine hulowesha pamba mpaka inachuruzika wakailaza kwenye fizi usiku kucha. Asubuhi fizi imekuwa nyeupe na inabanduka kama utando wa maziwa. Hiyo ni ngozi iliyoungua. Na tafadhali, hata kidonge cha aspirini kukiweka juu ya fizi ni kosa la aina hiyo hiyo. Kimeze kama umeruhusiwa kukitumia, usikiegeshe.

Jingine ambalo wagonjwa hawatuambii: kama umekuwa ukipaka mafuta ya karafuu kwenye jino, mwambie daktari kabla hajaziba. Zile dawa nyeupe za kuziba zinazokaushwa kwa taa ya bluu hazikauki vizuri yujenoli ikiwepo. Ziba lako likitoka baada ya muda mfupi utamlaumu daktari bure.

Mwana wa Nchi Hii

Haya mambo yote ni yetu. Wazungu wameiba karafuu yetu, wametoa kemikali, wanatuuzia kwenye chupa kwa bei ya kuruka. Waafrika tuamke.

Mpemba wa Temeke (mleta mada)

@Mwana wa Nchi Hii, uchungu wako naujua ila hapa umeteleza, mkuu. Karafuu si ya kwetu kwa asili, hata sisi Wapemba tumeipokea. Kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, akina Ternate na Tidore. Waholanzi waliihodhi biashara yake mpaka wakawa wanakata mikarafuu ya visiwa vingine ili bei isishuke. Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyesimamia kuitorosha miche mpaka Mauritius, miaka ya 1770 hivi, na kutoka upande huo wa Bahari ya Hindi ndipo ikafika Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1800. Sultani Seyyid Said akaikomalia ipandwe. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu ikawa Pemba.

Waliovuja jasho kuipanda na kuichuma ni watumwa walioletwa kutoka bara. Kama ni kudai, dai hilo, hoja utakuwa nayo.

Na hao wenye asili nayo ndio wanaoitumia kuliko wote. Indonesia wanaisokota kwenye sigara zao za kreteki. Yujenoli inatia ganzi kooni, moshi unapita laini, mtu anavuta bila kukohoa. Ganzi ile ile inayokusaidia kwenye jino, huko inamsaidia mtu kujidhuru vizuri zaidi.

Dada wa Mabibo

Naomba kuuliza bila kuogopa maana tuko wengi. Huku kwenye magrupu ya WhatsApp tunafundishwa maji ya karafuu: unaloweka usiku, unakunywa asubuhi, wanasema inaondoa PID, inabana, inaongeza joto. Na wengine wanaambiwa waweke punje kabisa huko chini. Kuna ukweli?

Mpemba wa Temeke (mleta mada)

@Dada wa Mabibo, umefanya vizuri kuuliza.

Kunywa maji yaliyolowekwa punje chache hakuna ubaya kwa mtu mzima mwenye afya, ni kama chai. Lakini PID ni maambukizi ya bakteria juu huko kwenye mirija, na yujenoli kidogo uliyokunywa inavunjwavunjwa na ini na kutoka na mkojo. Haiendi kufanya usafi kwenye mirija. Ikichelewa kutibiwa mirija inaziba, na hapo mtu anakuja kulia ugumba akiwa ameshakunywa karafuu mwaka mzima.

Kuweka huko chini, hapana. Daktari ameeleza fizi inavyobanduka, na ngozi ya huko ni laini vile vile. Ule "mbano" na "joto" wanaousifia ni ngozi inayoungua na kuvimba. Ngozi iliyochubuka ndiyo mlango wa kila ugonjwa, VVU vikiwemo.

Na kwa wote: yujenoli inapunguza kasi ya damu kuganda. Chakula cha kawaida hakina tatizo. Lakini anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, au anayesubiri upasuaji, asianze mtindo wa kunywa karafuu nyingi kila siku bila kumwambia daktari wake. Wa kisukari nao vile vile: zipo tafiti ndogo ndogo za karafuu na sukari, hakuna hata moja ya kukufanya uache vidonge.

Ndezi Mpole

Na sisi wanaume je? Nimesikia mafuta yake yanasaidia wale wa kumaliza haraka. Namuulizia rafiki yangu.

Fizi Ngumu

Rafiki yako mwambie hivi. Wakorea waliwahi kutengeneza krimu ya kazi hiyo yenye viambato tisa vya asili, karafuu ikiwemo, wakaijaribu hospitalini miaka ya 1990. Kinachofanyika ni ganzi tu, hakuna muujiza. Lakini ile imepimwa kiasi. Rafiki yako akijimiminia mafuta ya sokoni ataungua, na bibie naye atapata mgawo wake wa moto. Aende kliniki, dawa zipo na haya si ya kuonea haya.

Ndezi Mpole

Rafiki yangu amesikia 😂

Mama Swafiya Msa

Mimi niko Mombasa. Huku kwetu mtoto akiota meno tunampaka mafuta ya karafuu kwa ufizi, tone moja na kidole. Mama yangu alitupaka sote na hakuna aliyekufa. Sasa munanitisha.

Mpemba wa Temeke (mleta mada)

@Mama Swafiya Msa, shikamoo mama. Sikutishi kwa tone moja la siku moja. Ila mafuta ya zamani mara nyingi yalikuwa karafuu chache zilizochemshwa ndani ya mafuta ya nazi, mepesi sana. Ya leo ya kwenye vichupa ni makali mara nyingi zaidi, na jina kwenye karatasi ni lile lile. Fizi ya mtoto mchanga itaungua, na mtoto anameza kila kinachowekwa mdomoni. Hatari kubwa zaidi ni chupa yenyewe kubaki mahali anapoweza kuifikia, maana hivyo visa vya watoto nilivyosimulia havikutokana na matone, ni mtoto kuinywa chupa. Mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi atafune, yatosha.

Ikitokea kameza, usimtapishe wala usimpe maziwa ukisubiri. Mbebe na chupa yake, moja kwa moja hospitali, hata kama anaonekana mzima. Ini huchelewa kulalamika.

Mama Swafiya Msa

Marahaba mwanangu. Chupa naipandisha juu ya kabati leo leo.

Mkulima wa Mtambwe

Nami niseme mawili kama mchumaji. Watu wanalalamika karafuu haina nguvu. Karafuu za dukani nyingine zimeshakamuliwa mafuta, zikakaushwa tena zikarudi sokoni. Njia ya kuzijua: zitie kwenye gilasi ya maji. Karafuu nzima yenye mafuta yake huzama, au husimama wima kichwa juu. Iliyokamuliwa hulala chali juu ya maji. Ya kweli ukiivunja hulia kwa ukavu, na ukiibinya hutoa mafuta kama alivyosema mleta mada.

Mafuta nayo ni hivyo hivyo. Mafuta safi ya karafuu ni mazito kuliko maji, tone linashuka mpaka chini ya gilasi. Ukiona linaelea, huyo kakuchanganyia mafuta ya kula au ya taa. Wapo wanaofanya hivyo, na hayo ya taa mtu anayapaka mdomoni.

Na mjue mafuta mengi ya bei nafuu hayatokani na karafuu yenyewe bali na makonyo, vile vijiti tunavyovichambua usiku familia nzima tukikaa ukumbini. Makonyo yanapelekwa kiwandani Wawi, Chake Chake, yanapikwa kwa mvuke, mvuke ukipoa mafuta yanajitenga na maji. Kwa uzito makonyo yana mafuta machache, kama asilimia 5 au 6, lakini harufu yake ni kali.

Mpemba wa Temeke (mleta mada)

@Mkulima wa Mtambwe, ahsante sheikh. Naongezea hapo: mafuta ya makonyo yujenoli yake mara nyingi inafika asilimia 85 na zaidi, kupita hata ya karafuu yenyewe. Kwa hiyo bei kuwa nafuu haimaanishi ni dhaifu.

Vizimba vya Ziwa

Mimi nafuga sato Mwanza. Tunatumia mafuta hayo hayo kuwasinzisha samaki tukitaka kuwapima uzito. Unachanganya kwanza na spiriti kidogo ili yayeyuke, unatia kwenye beseni la maji. Samaki anapinduka tumbo juu kama kafa. Ukimpima, unamrudisha maji safi, dakika chache anaogelea. Ukizidisha harudi. Nikisoma hapa mtu anakunywa kijiko namuonea huruma.

Mwana wa Nchi Hii

Sasa hao samaki mnatuuzia siku hiyo hiyo?

Vizimba vya Ziwa

Hapana mkuu, tunawasinzisha vifaranga na samaki wa mbegu. Wa kuuza hatuwagusi. Hata Marekani hawajaidhinisha mafuta ya karafuu kwa samaki wa kuliwa.

Kijana wa Gerezani

Nimepiga simu kliniki ya jirani, nimepangiwa Alhamisi asubuhi. Daktari @Fizi Ngumu, mpaka hiyo Alhamisi niendelee na punje? Na nikinunua mafuta niyatunze vipi, maana niliyonunua mwaka jana kichupa kimelainika mpaka kinanata.

Fizi Ngumu

Punje endelea, moja moja, na parasetamoli kwa kipimo chake kama huna tatizo la ini. Usiku wa Jumatano usiweke kitu, nataka daktari wako alikute jino linavyosema lenyewe. Shavu likivimba au homa ikipanda kabla ya Alhamisi, usiisubiri.

Hicho kichupa kitupe. Yujenoli inayeyusha baadhi ya plastiki, na hayo mafuta sasa yana plastiki ndani. Nunua ya kwenye kioo cheusi au kahawia, kifuniko cha kubana, pasipo na mwanga. Yakishakuwa meusi tii yamezeeka, usiyapake tena mdomoni.